Maji Yasiyorudi Baharini

Mwaliko ulikuja kwa ujumbe mfupi wa simu. Rafiki yangu anafundisha sayansi katika sekondari moja ya kata ya Ulemo, wilayani Iramba, na wanafunzi wake wanaijua bahari kwa kitabu tu. "Wewe uliyekulia pwani," aliandika, "njoo uwasimulie." Nikamjibu kwamba nitakuja, ila asiwaahidi papa wala nyangumi. Nilitaka kuzungumzia viumbe ambavyo hata sisi wa pwani tunaogelea navyo na kuvimeza bila kuviona: vijidudu vya baharini, ambavyo ndivyo vinavyoamua kama maji yatalisha samaki au yatawafukuza.

Kutoka Dar es Salaam hadi Ulemo ni zaidi ya kilomita 700. Ningeweza kupanda basi la Mwanza alfajiri na kushuka njia panda ya Misigiri jioni. Nikaona afadhali niyafuate maji kinyumenyume: nianzie yanapoishia, nipande nayo bara. Nilijua mapema kwamba mahali fulani njiani uzi huo hukatika, na huko ndiko nilikotaka kufika.

Nilianzia Mtoni, mahali ambapo kijito cha Mzinga hukutana na bahari kati ya mikoko. Maji yalikuwa yamekupwa. Tope jeusi lilibaki wazi, kaa wakichungulia mashimoni, na hewa ilinuka yai viza. Wapita njia huziba pua na kulilaumu jiji, na jiji lina sehemu yake ya lawama, maana taka zake nyingi huishia mikokoni. Lakini harufu hiyo ingekuwapo hata kama Dar es Salaam isingejengwa. Sentimita chache chini ya uso wa tope oksijeni imekwisha. Bakteria wanaoishi humo hutumia salfati ya maji ya bahari pale ambapo sisi tungetumia oksijeni, na wanachotoa ndiyo gesi ile inayonuka. Kazi yao ni kuozesha. Kila jani la mkoko linaloanguka, wao na wenzao hulivunjavunja mpaka virutubisho vyake virudi kwenye mizizi, kwa kaa na kwa kamba wachanga.

Katika tope hilohilo la Mtoni, Thomas Lyimo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wa Uholanzi walimpata kiumbe ambaye sayansi ilikuwa haijamjua. Si bakteria, ni arkea, ukoo mwingine kabisa wa viumbe vya seli moja. Mwaka 2000 walimtangaza kwa jina la Methanosarcina semesiae, kwa heshima ya Profesa Adelaida Semesi, mtaalamu wa mimea ya baharini wa chuo hicho, ambaye mpango wa kitaifa wa kusimamia mikoko wa mwaka 1991 ulikuwa kazi yake. Semesi alifariki mwaka 2001. Jina lake limebaki kwenye kiumbe asiyeonekana bila hadubini, anayeishi kwenye tope ambalo watu hulivuka wakiwa wameziba pua.

Arkea huyo ana chakula cha ajabu. Miongoni mwa anavyokula ni dimethili salfaidi, gesi ambayo kwa kiasi kidogo ndiyo inayoipa bahari harufu tunayoitambua kabla hatujayaona maji. Chanzo chake ni mimea midogo inayoelea baharini. Mimea hiyo hutengeneza kemikali ya kuisaidia kuhimili chumvi. Ikifa au ikiliwa, bakteria huivunja kemikali hiyo na gesi hupanda hewani. Huko juu hugeuka chembechembe, na juu ya chembechembe mvuke hujikusanya kuwa matone ya mawingu. Mwaka 1987 James Lovelock na wenzake walidai kwamba kwa njia hiyo vijidudu vya bahari vina mkono katika kupoza dunia nzima. Wanasayansi wamebishana tangu hapo kuhusu ukubwa wa mkono huo. Nikaondoka Mtoni nikiwaza mkulima wa Iramba anayekodolea macho wingu la Novemba.

Kutoka Dar es Salaam nilipanda treni ya umeme, ile iliyozinduliwa rasmi hadi Dodoma mwezi Agosti 2024. Reli hii ina faida moja kwa mtu anayefuata maji. Inavuka Ruvu, inapita Morogoro, halafu kuanzia Kilosa inaingia kwenye bonde la mto Mkondoa, na juu zaidi, Gulwe, mto huo unaitwa Kinyasungwe. Kiangazi kilikuwa kimeunyausha. Mchanga ulikuwa mwingi kuliko maji, lakini mwelekeo wake haukuwa na shaka: chochote kinachoanguka hapa na kusombwa, iwe mbolea, iwe udongo wa shamba lililolimwa kandokando ya mto, kitateremka hadi Wami na kutokea baharini karibu na Saadani.

Na kikifika huko hakikuti maji matupu. Mililita moja ya maji ya juu ya bahari ina bakteria wapatao milioni moja, na virusi yapata milioni kumi. Kwa muda mrefu wanasayansi hawakujua hivyo, kwa sababu walizoea kuhesabu vijidudu kwa kuviotesha maabara, na vingi vya bahari vinagoma kuota. Mwaka 1983 Farooq Azam na wenzake walieleza njia ambayo chakula hupita baharini bila kupitia kinywa cha samaki yeyote: mimea midogo huvuja sukari na taka, bakteria huzila, vijidudu vikubwa kidogo huwala bakteria, na kutoka hapo ndipo chakula hurudi kwenye mnyororo unaoishia kwenye nyavu zetu. Virusi nao wamo kazini. Inakadiriwa kwamba huua moja ya tano ya bakteria wa bahari kila siku, na kila bakteria anayepasuka humwaga virutubisho vinavyotumiwa na wengine. Bila uuaji huo bahari ingefunga chakula chake ndani ya miili michache na wengine wangelala njaa.

Katikati ya miaka ya 1980 Sallie Chisholm na wenzake wa Marekani walikutana na kiumbe wa kijani mwenye upana usiozidi sehemu moja ya elfu ya milimita. Walimtangaza mwaka 1988, na leo anajulikana kama Prochlorococcus. Hakuna kiumbe kinachotumia jua kutengeneza chakula chenye idadi kubwa kuliko yake duniani. Yeye na mimea mingine inayoelea baharini hufanya karibu nusu ya kazi yote ya usanisinuru ya sayari hii. Mwaka 1990 timu ya Stephen Giovannoni iligundua kundi jingine kwa kusoma jeni zake tu, kabla mtu yeyote hajafaulu kuliotesha. Kisha meli ya matanga ya Ufaransa iitwayo Tara ikazunguka bahari za dunia kuanzia mwaka 2009 hadi 2013, Bahari ya Hindi ikiwamo, ikichota maji. Matokeo ya kwanza makubwa yalitoka mwaka 2015: orodha ya jeni zaidi ya milioni 40, nyingi zikiwa ngeni.

Sisi wenyewe tuna wetu ambao wavuvi huwaona bila hadubini. Wakati wa kaskazi, bahari inapotulia na kupata joto, juu ya maji hutokea mikanda ya rangi ya kahawia iliyopauka, kama unga wa mbao uliomwagwa na fundi. Ni Trichodesmium, sianobakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea katikati ya maji yasiyo na mbolea. Ian Bryceson aliwafuatilia pwani ya Dar es Salaam tangu miaka ya 1970, na mwaka 2002 Charles Lugomela na wenzake, Lyimo na Semesi wakiwamo, walichapisha vipimo vya kiasi cha naitrojeni wanachonasa. Samaki tunayemla Februari ana deni kwao.

Dodoma nilibadili usafiri. Basi la Singida lilipoipita Bahi nilianza kuangalia nje kwa makini zaidi, kwa maana hapo uzi unakatika. Mto Bubu unateremka kutoka kaskazini, unaingia kwenye kinamasi cha Bahi, na basi. Hauendelei popote. Maji yake huliwa na jua. Barabara ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, na huko juu mambo yakageuka tena: upande wa kusini wa wilaya hiyo mto Kizigo unakwenda kuungana na Ruaha Mkuu, na hatimaye Rufiji, hadi kwenye mikoko iliyo mingi kuliko ya delta nyingine yoyote Afrika Mashariki. Ndani ya mkoa mmoja wa Singida, matone mawili ya mvua ile ile yanaweza kuagana milele, moja likaenda kulisha kamba wa Rufiji na jingine likabaki bara mpaka likauke.

Maji ya namna hii ya pili yana ofisi yake. Bodi ya Maji ya Bonde la Kati ina makao makuu Singida mjini, na eneo lake ndilo hilo la mito isiyofika baharini. Mji wenyewe umekaa kati ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai. Nilishuka nikaenda ukingoni mwa Singidani jioni. Mawe makubwa ya matale yamepangana juu ya maji, ukingo umepigwa mstari mweupe wa magadi, na maji yana kijani kizito. Katikati walisimama heroe wachache, vichwa chini.

Hapo ndipo mtu asiye na hadubini anapoweza kuona kazi ya vijidudu kwa macho yake. Heroe mdogo huchuja sianobakteria wanaostawi kwenye maji ya magadi, na wekundu wa manyoya yake unatokana na rangi iliyomo kwenye chakula hicho. Kijani cha ziwa kinapanda mwilini mwa ndege na kutokea kikiwa waridi. Ziwa likibadilika, chumvi ikizidi au ikipungua, jamii ya vijidudu hubadilika na ndege huhama. Mara nyingine jamii hiyo hugeuka sumu. Mwaka 2004 heroe walikufa kwa wingi katika Ziwa Manyara na Momela Kubwa, na Lugomela yule yule na wenzake walipochunguza maji walikuta sianobakteria wanaotengeneza sumu, wakawataja kuwa ndio washukiwa.

Asubuhi nikapanda gari la Kiomboi na kushuka njiani. Rafiki yangu alinipokea kwa pikipiki. Ulemo mwishoni mwa Oktoba ni nchi ya kusubiri. Mabua ya alizeti yamebaki mashambani yamekauka, mtama umeshaingia ghalani, mbuzi wanatafuta majani yaliyobaki vichakani, na kila mazungumzo, yawe ya harusi au ya ada ya shule, yanaishia kwenye mvua. Mvua hapa ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Ikikosa, hakuna vuli ya kuokoa vilivyoharibika. Sehemu kubwa ya mvuke wake huletwa na pepo kutoka Bahari ya Hindi.

Darasani walikuwa wamenisubiri wakiwa wametulia. Baada ya shikamoo na marahaba, niliwauliza nani ana kitu kutoka baharini nyumbani kwao. Kimya. Mmoja akasema chumvi. Mwingine akasema dagaa, wenzake wakamcheka kwa kuwa dagaa wa hapa ni wa Mwanza, wa maji baridi, na samaki wabichi ni perege na kambare wa Kitangiri. Nikauliza kuhusu dawa ya meno. Baadhi ya dawa za meno huzuiwa zisitengane maji na unga kwa kitu kiitwacho karaginani, na karaginani hutolewa kwenye mwani, ukiwamo ule unaolimwa na wanawake wa Paje na Jambiani tangu kilimo hicho kilipoanza Zanzibar mwaka 1989.

Mwani ulinipa njia ya kueleza jambo ambalo ni gumu kulieleza kwa hadubini tu. Kuna aina mbili zinazolimwa, na ile nene, kotonii, ndiyo yenye bei nzuri. Maji yakipata joto kupita kiasi, matawi yake hutoa madoa meupe, hulainika na kukatika, na mkulima hukuta kamba tupu. Bakteria wamo katika ugonjwa huo. Lakini bakteria wengi wa aina hizo walikuwa wakiishi juu ya mwani huo tangu ulipokuwa mzima. Joto limeudhoofisha mwenyeji, na wapangaji wakamgeuka. Matumbawe nayo yana kisa kinachofanana: mwaka 1998 maji yalipopata joto, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalipoteza mimea midogo inayoishi ndani yake na kuyalisha, yakawa meupe, na mengi yakafa. Kwa hiyo kila kiumbe cha bahari kina umma wa vijidudu wake, na afya yake ni maelewano kati yao. Maelewano yakivunjika, ugonjwa hutoka mumo kwa mumo.

"Kama matumbo ya ng'ombe," akasema kijana wa nyuma. Mwalimu wake akamtaka afafanue, naye akaeleza kwamba ng'ombe akibadilishiwa malisho ghafla tumbo linavimba ingawa majani yenyewe ni mazuri. Sikuwa na la kuongeza. Vijidudu vinavyosaga majani tumboni mwa ng'ombe ni umma wa namna hiyo hiyo, na ndugu wa arkea wa Mtoni wamo humo wakitengeneza methani. Nikawakumbusha pia vinundu vilivyomo kwenye mizizi ya kunde na choroko, ambamo bakteria hunasa naitrojeni kama wanavyofanya wale wa baharini wakati wa kaskazi.

Kisha msichana mmoja wa kidato cha tatu akauliza swali ambalo nililifuata kilomita zote zile. "Mwalimu ametufundisha kwamba maji yetu yanakwenda Wembere, yanaingia Kitangiri, yanatoka kwa mto Sibiti hadi Eyasi, na yanaishia huko. Sasa kama hayafiki baharini, sisi tunaidhuru vipi bahari? Na kama hatuidhuru, inatuhusu nini?"

Nilianza na la pili kwa sababu ni jepesi. Bahari imekuwa ikiwahusu kabla ya kuwapo mtu. Shukrani Manya na Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima umri wa miamba ya volkano ya ukanda wa Iramba na Sekenke, wakapata takriban miaka bilioni 2.7, na kemia yake ikawaonyesha kwamba volkano hizo zililipuka kwenye bonde la bahari lililokuwa nyuma ya safu ya volkano nyingine. Sekenke ile wanayoijua kwa dhahabu iliyochimbwa tangu enzi za Mjerumani ilikuwa sehemu ya bahari. Wakati huo hewa ya dunia haikuwa na oksijeni ya kutosha hata kumpa mtu pumzi moja. Ilijaa baadaye, kuanzia yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita, na walioijaza ni sianobakteria wa majini. Mwamba ulioko Sekenke ni mzee kuliko hewa tunayoivuta.

Swali la kwanza lilihitaji zebaki. Baadhi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, katika Iramba na kwingineko nchini, hukamatisha vumbi la dhahabu kwa zebaki, halafu huichoma ili dhahabu ibaki. Zebaki haitoweki. Inakuwa mvuke, inapanda, inasafiri kwa miezi mingi hewani na kuanguka popote, baharini ikiwamo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linautaja uchimbaji mdogo wa dhahabu kuwa chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayoingizwa hewani na binadamu. Ikishaanguka majini, ndipo vijidudu vinapoingia. Bakteria wanaoishi pasipo na oksijeni huigeuza kuwa methili zebaki, sumu inayokaa mwilini na kuongezeka kila samaki anapomla samaki mwenzake, hadi kumfikia jodari na mtu anayemla jodari. Jeni mbili zinazowawezesha bakteria kufanya hivyo zilitambuliwa mwaka 2013. Mto wa Ulemo haufiki baharini, lakini moshi wake unafika. Moshi wa mkaa na wa magari nao unafika, kwa sababu bahari humeza karibu robo ya kaboni dayoksidi tunayoitoa, na kadiri inavyomeza ndivyo maji yake yanavyobadilika kwa wale wanaoishi humo.

"Na ile zebaki inayobaki hapa?" akauliza yule yule.

Inayobaki huenda na maji ya mvua kwenye tope la mabondeni, nikajibu, na tope la ziwa lina bakteria wa kazi ile ile. Darasa likatazamana. Kambare wa Kitangiri huliwa hapa.

Mchana mwalimu alitupeleka lamboni. Lambo la mwisho wa kiangazi limebaki dogo, ukingo wake umekanyagwa na ng'ombe mpaka ukawa uji wa tope, na upande wa upepo pamejikusanya utando wa kijani unaong'aa. Mzee aliyekuwa akinywesha mbuzi alituambia kwamba mifugo yake hawapeleki upande ule. Nilimuuliza kwa nini. "Marehemu baba alikataza," akasema. Marehemu alikuwa na sababu. Utando wa namna hiyo mara nyingi ni sianobakteria, baadhi yao ni ndugu wa wale wa Manyara, na wakiwa wa aina yenye sumu huweza kuua mnyama. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini sumu nyingi za jamii hii hazivunjiki kwa kuchemshwa. Maji ya kunywa yasichotwe upande ule kabisa.

Niliwasimulia pia habari za kipindupindu, ambacho Tanzania ilikiona vibaya kuanzia Agosti 2015. Bakteria wake ana makazi ya asili kwenye maji ya pwani na ya milango ya mito, akijishikiza kwenye wadudu wadogo wanaoelea. Rita Colwell, mwanasayansi wa Marekani, alitumia ujuzi huo wa baharini vijijini Bangladesh: akina mama walichuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa, na wagonjwa wakapungua kwa asilimia 48, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2003. Nguo haimzuii bakteria aliye peke yake. Inamzuia mdudu aliyembeba. Wasichana wakaangalia kanga ya mama mmoja aliyekuwa akiteka maji. Mwalimu akaongeza haraka kwamba baada ya kuchuja, kuchemsha kuko palepale.

Kazi yenyewe iliyotupeleka lamboni ilikuwa kutumia kifaa cha mabaharia. Mwaka 1865 padre wa Kiitaliano, Angelo Secchi, akiwa kwenye meli ya Papa katika Bahari ya Mediterania, alishusha sahani nyeupe majini na kupima kina ambacho inapotea machoni. Kina kikiwa kifupi, maji yamejaa udongo au vijidudu. Hadi leo meli za utafiti hubeba sahani ya Secchi, na vipimo vyake ni miongoni mwa kumbukumbu za zamani kuliko zote kuhusu wingi wa mimea midogo baharini. Wanafunzi walikuwa wameitengeneza kwa mfuniko wa ndoo, wameupaka robo nyeusi na robo nyeupe, wameufunga jiwe kwa chini na kamba yenye mafundo kila sentimita kumi.

Sahani ilipotea kabla fundo la tatu halijazama. Kabla ya kuandika, ugomvi ukazuka. Mmoja alitaka ipimwe kivulini, mwingine juani. Mmoja alisema waliovaa miwani wasipime. Mwalimu aliwaacha wabishane kisha akawaambia waamue wenyewe, mradi wakiamua wasibadilishe, kwa kuwa kipimo kinachofanywa kila mara kwa njia ile ile ndicho kitakachoweza kusema lolote mvua zikija. Wakachora jedwali: tarehe, saa, kina, joto la maji, rangi, upepo. Watapima kila Ijumaa.

Yule msichana wa swali la mto akataka safu moja zaidi: idadi ya ng'ombe walionyweshwa siku hiyo. Mwenzake akamwambia hiyo si sayansi ya maji. Akamjibu kwamba ng'ombe huvuruga tope na huacha samadi, na samadi ni mbolea, sasa kijani kinatoka wapi kama si huko? Sikuingilia, lakini nilijua kwamba ubishi wake ndio ule ule wa wanaopima maji mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako mabomba ya maji taka huimwagia bahari mbolea isiyoiomba na vijidudu visivyotakiwa hustawi kwa gharama ya matumbawe. Rufiji inafikisha baharini mbolea ya mashamba, Zanzibar inafikisha ya vyoo, Ulemo inabaki na yake lamboni. Vijidudu havijali ni maji gani. Vinajali vimelishwa nini. Mwalimu akachukua rula, akaongeza mstari, na juu ya safu mpya akaandika: ng'ombe.